Uliza Tukujibu: Chuo kinatufundisha ujasiriamali halafu kinatunyang'anya ndoo za sabuni

Toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu biashara vyuoni, na mmeandika kweli kweli, wanafunzi, wahadhiri, wazazi, hadi wasomaji wetu wa Kenya. Siwezi kuzimaliza barua zote kwenye kurasa hizi kwa hiyo nimechagua zile zinazobeba maswali ya wengi, nyingine nimezifupisha, na majina nimeyatoa yote maana wengi wenu bado mko chuoni na sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili ya barua.

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Mimi na mwenzangu wa chumbani tunatengeneza sabuni ya maji, tunauza hosteli na kwa mama ntilie wa nje ya geti. Majuzi wadeni kapita na ukaguzi, kachukua ndoo zetu tatu na mzani, kasema biashara hairuhusiwi hosteli. Na semista hii hii tuna kozi ya ujasiriamali, asaimenti yake ni kuandika mchanganuo wa biashara! Sasa tuandike biashara ipi wakati ya kwetu imefungiwa stoo? Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, najua ndoo tatu za sabuni kwa mwanafunzi ni mtaji mzima, pengine sehemu kubwa ya bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, imekaa humo.

Nianze na lile ambalo hutalipenda. Kwenye suala la chumba wadeni yuko sahihi. Sabuni ya maji mnaipika kwa kemikali, salfoniki, slesi, soda ashi, na wengine wanatia fomalini ili isiharibike, sasa salfoniki ni asidi, ikikumwagikia mguuni inaunguza, na fomalini mvuke wake unachoma macho na koo, na chumba chenyewe mnalala wanne kwenye dabo deka, dirisha limezibwa na nguo zilizoanikwa. Mtu akiungua mle ndani chuo ndicho kitakachoulizwa. Kwa hiyo msiende kugombania kupikia chumbani, hiyo kesi mtashindwa na ni haki mshindwe.

Lakini kupika ni jambo moja na kuuza ni jambo lingine, na kwenye kuuza chuo nacho kina la kujibu. Haiwezekani darasani mwanafunzi apewe maksi kwa kuandika biashara ya kufikirika halafu ile ya kweli anayoifanya ihesabiwe kosa la nidhamu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi na kwa mwalimu wa hiyo kozi, ombeni mrudishiwe vyombo kwa ahadi ya maandishi kwamba hamtachanganya kemikali hosteli tena, ombeni muda kwenye maabara ya kemia siku ambayo haina praktiko mkiwa chini ya fundi sanifu wa maabara, na ombeni mwalimu aikubali biashara yenu iwe ndiyo asaimenti. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko mnavyodhani, mwalimu akishasema hii ni kazi ya darasa ofisi nyingine huwa zinalegea.

Na mkipewa maabara itumieni haswa. Wengi wanaopika sabuni mtaani wanapima kwa macho, leo nzito kesho maji matupu, mteja hajui ananunua nini. Pale kuna mizani ya uhakika na kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi au alkali, mtajua kama sabuni yenu inakula mikono ya mama ntilie anayeosha masufuria kutwa nzima au la. Kila mpiko uandikeni kwenye daftari, tarehe, salfoniki gramu ngapi, maji lita ngapi, chumvi mliweka lini na ikaanza kushika uzito saa ngapi, povu lilitulia lini. Hilo daftari ndilo la kwenda nalo SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 ambalo lina ofisi mikoani, maana wao ndio wanaomtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS, Shirika la Viwango, kwa ajili ya alama ya ubora, na bila alama hiyo hakuna duka kubwa wala ofisi itakayowapokea, mtabaki kuuza getini.

Halafu kuna jambo nataka wasomaji wote walishike. Chuo chenu chenyewe kinanunua sabuni, mwaka mzima, ya vyoo, ya jikoni, ya zahanati, ya kusafishia sakafu za madarasa. Hela inatoka hapo inakwenda kwa msambazaji wa mjini wakati wapishi wa sabuni wapo ghorofa ya pili. Hili nitaliendeleza kwenye barua inayofuata.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhadhiri msaidizi, Nyanda za Juu Kusini. Nimekabidhiwa kuratibu kituo kipya cha ubunifu na ujasiriamali cha chuo chetu. Nimepewa chumba kimoja, meza, na bango zuri la nje. Bajeti bado haijatengwa, vipindi sijapunguziwa, na uongozi unataka kuona matokeo ndani ya mwaka. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hongera, na pole pia maana najua umebebeshwa mzigo juu ya mzigo. Nimefurahi umeuliza unaanzia wapi badala ya kuuliza utapata wapi kompyuta na viti vya kuzunguka, kwa sababu vituo vingi vinaanza na samani, vinazinduliwa kwa utepe, picha zinapigwa, na baada ya miezi michache chumba kinatumika kufanyia vikao vya idara.

Wiki ya kwanza usikae kwenye hicho chumba. Zunguka kampasi na daftari uhesabu biashara zilizopo tayari. Nani anasuka nywele hosteli ya wasichana, nani anachapa na kutoa kopi, nani anatengeneza simu, nani anauza mitumba kwa oda ya WhatsApp, nani anadizaini mabango ya harusi, nani anakaanga karanga na kuzifunga vipakti. Utashangaa, wapo wengi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa na chuo kama mjasiriamali, wameandikwa kama wavunja sheria za hosteli. Hao ndio watu wa kituo chako. Ukianza na tangazo la "leteni mawazo bunifu" utaletewa programu za simu kwenye karatasi, na sina ubaya na programu za simu, ila anayekaanga karanga tayari ana wateja na ana hesabu za faida na hasara kichwani, huyo ukimsaidia kidogo tu anapanda.

Baada ya hapo tafuta funguo. Nasema funguo kabisa, zile za karakana na maabara. Vyuo vyetu vina mashine ambazo mfanyabiashara mdogo mtaani hawezi kuziota, mashine za kuchonga chuma, za kukaushia vyakula, vipimo vya udongo, na ikifika saa kumi jioni milango inafungwa, wikiendi inafungwa, likizo inafungwa miezi. Kaa na wakuu wa idara mkubaliane hata jioni mbili kwa wiki, awepo fundi sanifu na alipwe posho yake, mwanafunzi asaini kanuni za usalama, achangie malighafi anayotumia. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kununua vifaa vipya, na faida yake utaiona haraka kuliko semina yoyote.

Watu wa kuwalea hao vijana usiwatafute chuoni peke yake. Sisi tulio na digrii za biashara tunajua nadharia na tunaifundisha vizuri, lakini kijana anayetaka kusindika mpunga anamhitaji mwenye mashine ya kukoboa aliyepo mjini kwako, anayejua mwezi gani mpunga unashuka bei, dereva gani wa lori ni mwaminifu, na mteja wa Dar anakataa mchele kwa sababu zipi. Mwite huyo hata kama hajafika kidato cha nne, mpe kiti cha mbele, mlipie nauli na chakula, na wanafunzi wamuulize maswali. Waalike na wahitimu wenu waliojiajiri, hasa waliokwama wakainuka.

Sasa nije kwenye lile nililoliahidi, na hapa ndipo ningependa upeleke nguvu zako nyingi kuliko pengine pote. Kijana anayeanza biashara anasumbuliwa na mtaji, kweli, lakini kabla ya mtaji anasumbuliwa na mteja wa kwanza, yule anayekubali kununua kwa mtu asiye na jina. Chuo ni mteja mkubwa. Kinanunua chakula cha wageni, tisheti za mahafali, viti, vitasa, mapazia, sabuni, maji ya chupa, dizaini za vipeperushi, matengenezo ya kompyuta. Kama chuo chako ni cha umma sheria ipo upande wako, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Nenda kitengo cha manunuzi, tena nenda kwa heshima, uwaulize hiyo asilimia 30 yao inakwenda kwa vijana gani, na kikundi cha wanafunzi au wahitimu wenu kitaingiaje kwenye mfumo. Watakuambia wanafunzi hawajui taratibu, na ni kweli hawajui, kwa hiyo mafunzo ya kwanza ya kituo chako yawe hayo, kusajili kikundi, kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi, kuomba zabuni ndogo, kuandika ankara, kutunza risiti. Na mpiganie walipwe kwa wakati. Biashara ya mwanafunzi haiwezi kusubiri malipo miezi mitano kama msambazaji mkubwa anavyosubiri, mtaji wote ndio huo, ukikaa kwenye faili la mhasibu biashara imekufa.

Jambo la fildi nalo liangalie. Wanafunzi wanakwenda mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ambazo nyingine zinawatuma chai tu. Omba idara ziruhusu mwanafunzi mwenye biashara iliyosajiliwa afanyie fildi hapo hapo kwenye biashara yake, asimamiwe, aandike ripoti, apewe maksi zake. Itabidi lipite kwenye seneti, litachukua muda, lianzishe sasa hivi. Na ukiwa huko huko lipeleke na lako: wahadhiri wanapandishwa cheo kwa machapisho, mwenzetu akitumia jioni zake kulea kampuni changa ya wanafunzi hapati pointi hata moja, halafu tunashangaa kwa nini hawaji kituoni.

Kuhusu fedha, kaulize ofisi ya mipango kama chuo chako kimo kwenye mradi wa HEET, ule wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha 2021 kwa dola milioni 425. Mradi huo unagusa majengo na mitaala lakini pia uhusiano wa vyuo na sekta binafsi. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nao usiwaogope, pale Sayansi Kijitonyama, Dar, wana vituo vya kulea biashara changa, Buni Hub na DTBi, wamelea kampuni changa kwa miaka mingi, nenda ukae nao siku moja uone wanavyochuja waombaji kabla hujabuni fomu zako. Na kama unataka mfano wa kufanya bila kungoja jengo, soma habari za SUGECO ya Morogoro, ushirika wa wahitimu wajasiriamali wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulioanza 2011. Nawapenda kwa sababu waliweka ushirika, maana yake mhitimu anabaki mwanachama hata baada ya kurudisha joho, wakati vituo vingi vinamsahau mtu siku ya mahafali, siku ambayo ndiyo anahitaji msaada kuliko zote.

Mwisho hayo matokeo ndani ya mwaka. Hapa utahitaji ujasiri wa kuuelekeza uongozi. Wakitaka idadi ya waliohudhuria semina utawapa, ni rahisi, unaleta soda na vyeti wanakuja mia tatu. Wewe waombe wakubali kupimwa kwa kipimo kingine, wangapi bado wanauza mwaka mmoja baada ya kuanza. Na wape mifano ya muda. Makerere walionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, kazi ya wanafunzi na walimu wao wa uhandisi, serikali ya Uganda ikatia fedha, 2016 likaonekana basi la Kayoola linalotumia sola, na kiwanda kikajengwa Jinja. Angalia hiyo miaka. Au hapa hapa kwetu Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na teknolojia ya nano, linaloweza kuondoa hata floridi, ile madini ya kwenye maji inayobadili rangi ya meno ikizidi, na wote tunaojua meno ya kahawia ya watu wa kule tunaelewa floridi ni nini. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, alikuwa mshindi wake wa kwanza kabisa. Lakini ninachokipenda zaidi ni kilichofuata, chujio lenyewe kaya nyingi zisingeweza kulinunua, kwa hiyo kampuni yake ya Gongali Model iliyotokana na chuo ikaja na vituo vya maji, mtu mmoja anaendesha chujio na kuwauzia majirani maji safi kwa bei wanayoimudu. Kujua mteja atalipa nini na kwa njia gani kulihitaji akili nyingine tofauti na ile ya maabara, na kituo chako kipo kwa ajili ya hiyo akili ya pili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa nne. Projekti yangu ni mashine ndogo ya kubangua, imeshinda kwenye maonyesho ya chuo. Sasa kuna mwekezaji kaniita, nikamwambia msimamizi wangu, akaniambia hiyo mashine ni mali ya chuo na siwezi kuiuza. Ni kweli? Nimeitengeneza kwa mikono yangu, vyuma nimenunua mwenyewe.

JIBU: Kaka, swali lako ni zito na jibu lake linategemea karatasi moja, sera ya miliki bunifu ya chuo chenu. Iombe kwa maandishi kwenye kurugenzi ya utafiti. Usikubali jibu la mdomo la msimamizi, na wala usimgombeze, pengine na yeye kaisikia tu.

Kwa kawaida sera hizi zinamtofautisha mfanyakazi na mwanafunzi. Mhadhiri ameajiriwa, anachobuni kwenye kazi yake mwajiri ana haki nacho. Wewe hujaajiriwa. Ila sera nyingi zinasema kama ulitumia fedha za utafiti za chuo, au vifaa vya chuo kwa kiasi kikubwa, au wazo lilitoka kwenye mradi wa msimamizi, basi chuo kina sehemu. Kwa hiyo kaa chini uandike kwa ukweli: wazo lilianza kwa nani, vyuma ulinunua wapi na risiti zipo, karakana uliitumia siku ngapi, michoro alikusaidia nani. Kama msimamizi alikusahihishia muundo wa kisu au kasi ya mota, huyo ni mbunifu mwenzako, mtambue mapema.

Chuo kuwa na sehemu siyo msiba. Hata Google ilianza hivyo. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya ule mfumo wa kupanga matokeo ya utafutaji ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Stanford, waanzilishi wakapewa leseni ya kuutumia, chuo kikachukua hisa, na kilipoziuza ziliingiza takribani dola milioni 336. Wao waliitajirisha Stanford na Stanford haikuwazuia kuondoka na kampuni yao. Hicho ndicho cha kukiomba kwenye meza, leseni ya kutengeneza na kuuza kwa masharti yanayoeleweka, asilimia ndogo ya mauzo iende chuoni, na chuo kisikae kwenye kila uamuzi wako. Na vyuo ambavyo bado havina sera ya namna hii viandike sasa, kurasa chache za Kiswahili kinachoeleweka zinatosha, maana kijana akiogopa kunyang'anywa anaficha, anaondoka na wazo lake, chuo kinakosa na yeye anakosa.

Na hii ni ya haraka: acha kuionyesha hiyo mashine. Kama kuna kitu kipya ndani yake kinachostahili hataza, kukitangaza hadharani kabla ya kupeleka maombi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kunaweza kukupotezea haki hiyo. Ulishaionyesha kwenye maonyesho ya chuo, kwa hiyo nenda kawaulize BRELA wiki hii, usisubiri mwekezaji akupigie tena. Huyo mwekezaji naye asainishe makubaliano ya kutunza siri kabla hujamfungulia.

SWALI: Niaje dada, mimi ni comrade wa mwaka wa mwisho hapa magharibi mwa Kenya. Nimeingia hakathoni nyingi, nina vyeti na tisheti mpaka kabati imejaa, lakini biashara hakuna. Hawa watu wa kampasi hutusaidia ama hututumia tu kupiga picha?

JIBU: Poa sana. Nimeielewa hasira yako na iko na sababu. Hakathoni, yale mashindano ya siku chache ya kubuni teknolojia, ni nzuri kwa kukutana na watu, inaharibika pale inapogeuka ndiyo msaada wenyewe, yaani wikendi moja ya pizza halafu Jumatatu hakuna wa kukujibu simu.

Ila kwenu Kenya kuna vituo vyenye umri na uzoefu sasa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab tangu 2013, Kenyatta kuna kituo cha Chandaria kilichopewa jina la mfadhili wake Manu Chandaria, Strathmore kuna iBizAfrica. Usiwaandikie ukiwa na wazo tupu, waandikie ukiwa na watu kumi walioshakilipia hicho kitu, hata kama ni mia mia. Na ukifika waulize swali moja kabla hawajakuuliza lolote: mkinichukua, mtanikutanisha na wanunuzi gani?

Halafu chagua moja kati ya hayo mawazo yako yote ulale nalo miaka. Brian Gitta na wenzake walikuwa wanafunzi Makerere walipoanza Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Mwaka 2013 walikuwa kwenye mashindano ya wanafunzi ya Imagine Cup, na tuzo ya Afrika ya uhandisi ile ile aliyopata Hilonga waliipata 2018. Miaka 5 wako kwenye kitu kimoja. Mtaji mdogo wa kuzungushia bidhaa Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, inaweza kukuanzisha, lakini kwa pesa yenye maana jiandikishe AGPO, mpango wa serikali wa tenda kwa makundi maalum, na wenzako mfuate zile tenda za asilimia 30 za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kaunti yako pia inanunua vitu kila siku.

SWALI: Mwanangu yupo mwaka wa tatu, anataka kuacha chuo afanye biashara yake ya kuuza vifaa vya simu, anasema inamlipa kuliko ajira. Baba yake hataki hata kulisikia. Nishauri.

JIBU: Shikamoo mama. Usimkatishe na usimwachie. Mwombe akuonyeshe hesabu za miezi sita, ameuza nini, amebaki na nini baada ya kutoa kodi ya fremu, nauli, simu zilizorudishwa na wateja. Asipokuwa na hesabu, hiyo tu ni sababu ya kungoja. Akiwa nazo na zinapendeza, kuna njia ya katikati ambayo wanafunzi wengi hawaiulizi, kuahirisha masomo kwa maandishi na kwa kibali cha chuo, akarudi mwaka unaofuata alipoachia. Kama ni mnufaika wa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, apite kwa afisa mikopo wa chuo kabla hajaondoka, fedha inasimama kwa muda na taarifa lazima ziwe sawa ili aendelee akirudi. Kutoroka bila barua ndiko kunakowaponza. Na baba yake mshirikishe hesabu hizo hizo, akina baba wengi wanakataa wazo lakini namba wanazisikiliza.

Ningependa pia vyuo viwe na ruhusa ya wazi ya kuahirisha kwa sababu ya biashara, ikubalike kama sababu halali kama ilivyo ugonjwa, maana kwa sasa kijana analazimika kusingizia.

SWALI: Tumemaliza chuo, tuko watano, tunataka kufuga kuku wa mayai. Benki wanataka dhamana. Tusajili kampuni kwanza au tutafute hela kwanza?

JIBU: Msikimbilie kampuni. Kampuni ina taarifa za kila mwaka za kupeleka BRELA na usipopeleka faini zinajilimbikiza hata kama hujauza yai moja. Kwa watano mnaoanza, sajilini kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, fungueni akaunti ya kikundi, chukueni TIN ambayo ni bure, halafu ombeni mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo hiyo imegawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, kwa hiyo mkiambiwa imefutwa msiondoke, ombeni kumwona afisa mwenyewe.

Kabla ya hapo mwende mkakae na mfugaji wa jirani mzunguko mmoja mjue chakula kinakula kiasi gani cha mauzo, na mpate barua ya mnunuzi, hoteli au shule au hata kafteria ya chuo mlichotoka. Mkiwa na barua ya mnunuzi mkononi kamati ya mikopo inawasikiliza tofauti. Na chuo mlichosoma kama kina daktari wa mifugo au idara ya kilimo, rudini mkaombe ushauri wa chanjo, kuku wa mayai wakipatwa na kideri mkopo wote unaondoka kwa siku chache.